Shule tatu za kijijini: mtoto aende ipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tumehamia kijijini miezi miwili iliyopita, na nina watoto wawili wa kuandikisha. Wa kiume ana miaka 6 na anaanza darasa la kwanza. Dada yake anaingia la nne. Hapa kuna shule tatu za msingi, zote za serikali. Ya kwanza ni ya jirani, dakika 10 kwa miguu. Mwaka jana wastani wake katika mtihani wa mwisho ulikuwa alama 47 kwa 100, watahiniwa 16. Ya pili iko mlimani, kilomita 4. Ilipata 61, watahiniwa 9, na kila mtu anaisifu, ingawa mwaka wa kabla ya hapo ilipata 44 ikiwa na watahiniwa 11. Ya tatu ni kubwa, iko kando ya barabara, kilomita 2 na nusu. Ilipata 52, watahiniwa 64. Mume wangu anasema tusisumbuke, matokeo yako wazi, tuwapeleke mlimani. Mimi moyo unasita. Nilinganisheje?

JIBU: Marahaba, mama. Moyo wako una haki ya kusita. Nimekagua shule za vijijini kwa miaka mingi, na kosa ninalolikuta kila mahali ni hilo la kuchukua wastani wa mwaka mmoja wa shule yenye watoto wachache na kuugeuza hukumu. Kwa namba ulizoniandikia, hakuna awezaye kusema kwamba shule ya mlimani inafundisha vizuri kuliko hizo nyingine mbili. Sisemi ni mbaya. Nasema watoto 9 ni wachache mno kubeba sifa ya shule nzima.

Tufanye hesabu pamoja, mimi na wewe na mzee wako. Watoto 9 wenye wastani wa 61 wana jumla ya alama 549. Tuseme mmoja wao, aliyepata 88, familia yake ingehama wiki moja kabla ya mtihani, na kiti chake kikakaliwa na mtoto mwingine akapata 34. Jumla inashuka hadi 495, na wastani unakuwa 55. Walimu ni walewale na vitabu ni vilevile, ila mtoto mmoja amehama na alama 6 zimeondoka naye. Mabadiliko hayohayo katika ile shule ya watahiniwa 64 yasingeshusha wastani hata kwa alama moja kamili.

Jambo hili lina kanuni yake, na linajulikana tangu karne ya 18, alipolieleza mwanahisabati Abraham de Moivre: kadiri kundi linavyokuwa dogo, ndivyo wastani wake unavyoyumba zaidi kwa bahati tu. Kama alama za mtoto mmoja mmoja hutawanyika kwa alama 15 hivi kuzunguka wastani, jambo la kawaida kwa mtihani wa alama 100, basi wastani wa watoto 9 huyumba kwa alama 5 hivi juu na chini bila shule kubadilika chochote. Wa watoto 16 huyumba kwa karibu alama 4. Wa watoto 64 hauyumbi hata kwa 2.

Ndiyo maana shule ndogo hujaa kileleni mwa orodha. Watu huona hivyo wakadhani udogo ndio siri ya ufaulu. Mwanatakwimu wa Marekani, Howard Wainer, alilionyesha hili mwaka 2007 kwa matokeo ya darasa la tano ya shule 1,662 za jimbo la Pennsylvania. Kati ya shule 50 zilizoongoza, 6 zilikuwa miongoni mwa shule 50 ndogo kuliko zote, wakati kwa kawaida ungetarajia moja au mbili tu. Ukiishia hapo, utaimba sifa za shule ndogo. Lakini alitazama na mkiani: kati ya shule 50 za mwisho, 9 zilikuwa ndogo vilevile. Shule ndogo hurushwa juu, na hurushwa chini. Shule yenu ya mlimani imeruka kutoka 44 hadi 61 ndani ya mwaka mmoja, na mtu angeweza kuwapongeza walimu kwa kupanda huko kama angewalaumu pia kwa ile 44. Mimi naona yote mawili yangekuwa maneno matupu.

Sasa fanya hivi. Omba matokeo ya miaka 5 ya kila shule, pamoja na idadi ya watahiniwa wa kila mwaka. Usichukue wastani tano ukajumlisha na kugawa kwa 5, maana mwaka wenye watoto wengi utapata uzito sawa na wenye wachache. Zidisha wastani wa kila mwaka kwa watahiniwa wake, jumlisha yote, kisha gawa kwa watahiniwa wote. Kwa miaka miwili uliyonipa ya mlimani: 61 mara 9 ni 549, 44 mara 11 ni 484, jumla 1,033, gawa kwa watoto 20. Unapata alama 52 kasoro kidogo. Ndiyo 52 ileile ya shule ya barabarani. Mwonyeshe mzee hesabu hiyo kabla hamjaanza kushona sare.

Lakini hata miaka 5 haitoshi, kwa sababu matokeo yanahesabu waliofika mwisho tu. Mimi nikiingia ofisi ya mwalimu mkuu, kabla sijauliza ufaulu, huomba rejesta ya uandikishaji ya mwaka ambao hao watahiniwa waliingia darasa la kwanza. Tuseme unakuta waliandikishwa 26 na waliofika chumba cha mtihani ni 9. Wengine 17 wako wapi? Wapo waliohama na wazazi wao, hilo halina ubaya. Wapo waliokaririshwa darasa mara mbili, mara tatu, mpaka wakakata tamaa. Wapo walioacha kwa utoro na hakuna aliyewafuata nyumbani. Na katika shule ambazo kiongozi wake anahukumiwa kwa wastani wa mtihani peke yake, nimewahi kukuta watoto walioshauriwa kwa sauti ya chini wahamie shule nyingine wanapofika darasa la karibu na mwisho. Shule ya namna hiyo haijafaulisha, imechuja. Tena mtoto wako anaweza kuwa miongoni mwa 9, na anaweza kuwa miongoni mwa 17. Siku ya kumwandikisha hakuna ajuaye.

Bahati yako ni kwamba kijiji ni kidogo. Mjini namba hizi hazina sura, lakini hapo kwenu kila mtoto aliyeacha shule ana mama unayeweza kumsalimia. Uliza kwa heshima, usiulize kama mpelelezi. Mwambie mwenzako una mtoto wa kuandikisha na ungependa kujua wake alisomaje. Wazazi ambao watoto wao walikwama wana mambo mengi ya kukueleza kuliko wale ambao watoto wao waliongoza.

Kuna jambo la tatu la kuondoa machoni kabla hujaiamini namba yoyote. Mwaka 1966 serikali ya Marekani ilichapisha utafiti mkubwa ulioongozwa na James Coleman, uliohusisha wanafunzi wapatao 600,000. Watu walitarajia utaonyesha kwamba majengo na vifaa ndivyo vinavyotenganisha watoto wanaofaulu na wasiofaulu. Ukaonyesha kwamba hali ya nyumbani ilikuwa na uzito mkubwa kuliko tofauti nyingi za shule na shule. Wataalamu wamebishana kuhusu utafiti huo hadi leo, na mimi siamini hata kidogo kwamba shule haina kazi, ila onyo lake limebaki. Shule iliyo kando ya barabara huwa na watoto wa watumishi na wafanyabiashara, waliozaliwa nyumba yenye vitabu na taa. Shule ya jirani yako huenda inapokea watoto ambao hakuna mtu mzima nyumbani anayesoma. Alama 47 za hawa zinaweza kuwa zimebeba jasho kubwa la walimu kuliko 52 za wale. Wewe unatafuta kile ambacho shule inamwongezea mtoto. Hicho hakiandikwi kwenye ubao wa matangazo.

Kimeandikwa kwenye madaftari.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ningeruhusiwa kutazama kitu kimoja tu shuleni ningeacha vyote nitazame madaftari ya hesabu ya darasa la pili na la tatu. Waombe majirani wenye watoto katika kila moja ya shule hizo tatu wakuazime daftari la jana, daftari la kawaida kabisa. Usiombe la mtoto anayeongoza. Kaa nalo mezani.

Siku moja nilikuwa katika shule iliyokuwa inasifika wilaya nzima. Nikafungua daftari la mtoto wa darasa la tatu. Hesabu ilikuwa 42 kutoa 17, na mtoto ameandika 35. Ukiangalia unaona alivyofikiri: kwenye mamoja ameona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa akapata 5, kwenye makumi akatoa 1 kwenye 4 akapata 3. Hajui kwamba 2 haitoi 7 mpaka ikope kumi. Ni kosa la kawaida sana, watoto wengi hulipitia. Kilichonishtua kilikuwa kalamu nyekundu. Palikuwa na alama ya vema, kubwa na nzuri, pembeni ya 35. Nikafungua ukurasa unaofuata: 61 kutoa 28, jibu 47, vema. 50 kutoa 13, jibu 43, vema. Kwa majuma 6 mtoto huyo alikuwa amekosea kosa moja, na kila siku shule ilikuwa inamwambia amepata. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari mengi mno bila kuyasoma, apate kuonyesha kwamba kazi imesahihishwa.

Juma lilelile nikafika shule nyingine ambayo hakuna aliyeisifu. Kosa lilikuwa lilelile, maana watoto ni watoto. Lakini mwalimu alikuwa ameizungushia ile 2 duara dogo, na chini yake ameandika maneno matatu: "Inatosha kutoa 7?" Mtoto alikuwa amefuta, akaandika upya, akapata 25. Ukurasa wa pili alikosea tena mara moja, wa tatu hakukosea. Nilikaa na daftari lile kwa muda mrefu. Palikuwa na mtu mzima aliyekuwa anaisoma akili ya mtoto na kumjibu.

Basi ndicho unachokitafuta, mama. Tazama kama makosa yanaonekana na kujibiwa. Tazama tarehe pia: kazi ni za siku ngapi katika juma? Daftari lenye kazi mbili kwa wiki linakwambia kwamba siku tatu hapakufundishwa hesabu, hata kama ratiba ukutani inasema kila siku. Tazama kama ni kunakili tu kutoka ubaoni, ukurasa mzima wa sentensi nzuri ambazo mtoto hawezi kuzisoma, au kuna sentensi alizozitunga mwenyewe, zenye makosa yake mwenyewe. Daftari safi lisilo na kosa hata moja linanitia wasiwasi kuliko lenye makosa yaliyorekebishwa.

Baada ya madaftari, kusoma. Nchini India, tangu mwaka 2005, uchunguzi uitwao ASER umekuwa ukipita nyumba kwa nyumba vijijini ukiwapa watoto karatasi fupi yenye herufi, maneno, aya nyepesi na hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na kuona mtoto anakwama wapi. Afrika Mashariki, Uwezo walianza kufanya vivyo hivyo Kenya, Tanzania na Uganda miaka michache baadaye. Kilichojitokeza kote ni kwamba wako watoto wengi walioketi darasani miaka kadhaa ambao hadithi ya darasa la pili inawashinda. Jaribio hilo halihitaji utaalamu. Andika kwa mkono wako hadithi ya sentensi 6 kuhusu jambo wanalolijua, kisha wape watoto wa majirani wa darasa la tatu, wawili au watatu wa kila shule, wasome wakiwa wamekaa nawe barazani, bila kuwatisha.

Nasema uandike mwenyewe kwa sababu kitabu cha darasani wanakijua kwa moyo. Mtoto atakusomea ukurasa kwa sauti ya kupendeza, na ukitazama kidole chake, kiko mstari wa pili wakati mdomo uko wa nne. Hadithi yako hajawahi kuisikia, hivyo hana pa kujificha, na wewe utajua ukweli kwa dakika tano. Akimaliza, muulize swali moja ambalo jibu lake linahitaji kuelewa, kwa mfano kwa nini mtu fulani katika hadithi alikasirika. Watoto 3 hawatoshi kuihukumu shule, kama nilivyokwisha kusema kuhusu wale 9. Lakini watakuonyesha wanafundishwaje, na hilo huwezi kuliona kwenye wastani.

Sasa walimu. Katika shule za serikali mwalimu hupangwa na huhamishwa na serikali, mzazi hana sauti hapo. Shule yenye walimu 4 ikihamishiwa mmoja imepoteza robo ya nguvu yake kwa barua moja. Kwa hiyo sifa za shule ndogo mara nyingi ni sifa za mtu mmoja, na lazima uulize kama mtu huyo bado yupo. Ukisikia shule ya mlimani ilipata 61 kwa sababu ya mwalimu fulani wa hesabu, uliza yuko wapi mwaka huu. Uliza mwalimu mkuu ana miaka mingapi hapo. Na uliza swali ambalo wazazi hawalifikirii: mwalimu wenu hodari kuliko wote anafundisha darasa gani? Shule nyingi humpanga darasa la mtihani na kuliachia darasa la kwanza mwalimu aliyefika jana, au yeyote asiye na kipindi. Shule ikikujibu kwamba hodari wao yuko darasa la kwanza, iheshimu shule hiyo. Kijana wako ana miaka 6. Mtihani wa mwisho kwake uko mbali, lakini mwaka huu ndio atakaojifunza kusoma au kuzoea kutojua.

Kisha mahudhurio ya walimu wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ambapo watafiti walitembelea shule bila taarifa katika nchi 6, Bangladesh, Ekwado, India, Indonesia, Peru na Uganda, ulikuta kwa wastani walimu 19 katika kila 100 hawapo shuleni siku hiyo. Kuna anayeumwa na kuna aliyetumwa ofisini kwa shughuli za serikali, si wote ni wazembe. Kwa mtoto, hata hivyo, kiti kitupu ni kiti kitupu. Pita karibu na kila shule mara tatu kwa saa tofauti: asubuhi baada tu ya kengele, baada ya mapumziko, na Ijumaa mchana. Huhitaji kuingia. Darasa lenye mwalimu na darasa lisilo na mwalimu husikika kutoka njiani.

Kuhusu ukubwa wa darasa, nina maneno machache. Mwaka 1985 jimbo la Tennessee, Marekani, lilianza jaribio kubwa ambapo watoto wa madarasa ya mwanzo waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine 22 hadi 25. Wale wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi, na waliofaidika zaidi walikuwa watoto wa Kimarekani wenye asili ya Afrika na wa familia maskini. Shule inayotoa watahiniwa 64 huenda darasa lake la kwanza lina watoto 80 au zaidi. Hesabu vichwa mwenyewe, na uulize kama wamegawanywa mikondo miwili au wamebanwa chumba kimoja. Shule ya jirani yako ina faida hapa kabla hata hujaingia.

Unaweza kukuta kwamba shule ndogo mbili zina mwalimu mmoja anayefundisha madarasa mawili katika chumba kimoja. Usikimbie. Nimeona vyumba vya namna hiyo vikifundisha vizuri ajabu. Wapo Kolombia waliojenga mfumo mzima wa shule za vijijini juu ya utaratibu huo tangu miaka ya 1970, wakiuita Escuela Nueva, watoto wakijifunza kwa vijitabu vya kuwaongoza na kusaidiana wao kwa wao. Cha kutazama ni kundi ambalo mwalimu hayuko nalo. Wakati anafundisha la pili, la kwanza wanafanya nini? Kama wana kazi mikononi na wanajua wakimaliza wafanye nini, mwalimu huyo anaijua kazi yake. Kama wamelaza vichwa mezani wakingoja zamu yao, mtoto wako atapata nusu ya mwaka kila mwaka.

Majengo sitayaongelea sana. Rangi mpya haifundishi kusoma. Ila vyoo nenda uvione kwa macho yako, hasa vya wasichana, kama vina mlango unaofungika na maji karibu, kwa sababu binti yako yuko darasa la nne na miaka miwili au mitatu ijayo jambo hilo litaamua kama atakwenda shule siku zote za mwezi au atakosa baadhi. Ulizia pia kama vitabu vipo mikononi mwa watoto au vimefungiwa kabatini visichakae.

Njia, mama, ndiyo iliyosahaulika katika barua yako, na mimi naiweka juu kuliko zile alama 61. Kilomita 4 kwenda na 4 kurudi ni 8 kwa siku. Kwa mwaka wenye siku 190 za masomo ni zaidi ya kilomita 1,500, kwa miguu ya mtoto wa miaka 6, na nusu ya hizo ni kupanda mlima. Atafika amechoka, atarudi amechoka, na siku za mvua kubwa hatafika. Mwaka 2013 Dana Burde na Leigh Linden walichapisha utafiti wa vijiji 31 vya kaskazini-magharibi mwa Afghanistan, ambako vijiji vingine vilipewa shule yao wenyewe na vingine viliendelea kutegemea shule za mbali. Mahali shule ilipokuwa kijijini, uandikishaji ulipanda kwa pointi 42 za asilimia, alama za watoto zikapanda pia, na pengo la uandikishaji kati ya wavulana na wasichana, lililokuwa pointi 21, likatoweka. Hakuna aliyewabadilisha wazazi wale mawazo kwa mahubiri. Shule ilisogezwa karibu tu. Wewe huna tatizo la kumwandikisha binti, najua, lakini njia ndefu inafanya kazi yake hata kwa mzazi mwenye nia njema: siku moja kikohozi, siku moja mto umejaa, siku moja hakuna wa kumsindikiza, na mwisho wa muhula amekosa siku 20 bila mtu kuamua akose.

Ukinibana nitoe shauri kwa haya niliyonayo mkononi, nitasema hivi. Kijana aanze shule ya jirani, isipokuwa madaftari ya darasa la kwanza na la pili yakuonyeshe vema za uongo kama zile nilizokusimulia, au ukipita mara tatu ukute mara mbili hakuna mwalimu. Mambo hayo mawili yakiwa sawa, wastani wa 47 usikunyime usingizi. Alama hizo ni za watoto 16 walioanza shule miaka kadhaa iliyopita, pengine chini ya walimu wengine kabisa.

Binti ni habari nyingine, na hapa sitafautiani sana na mzee wako kwamba darasa la nne si la kuchezea. Kaa naye kwanza na ile hadithi ya sentensi 6 na hesabu chache za kutoa na kugawanya, ujue yuko wapi yeye mwenyewe. Kama anasoma vizuri na anaelewa, atafaidika na shule yenye mwalimu wa kila somo na wenzake wengi wa rika lake, na kilomita 2 na nusu kwa mtoto wa umri wake, kwenye barabara yenye watu, anaiweza. Hapo ile ya barabarani ina hoja. Kama amekwama kwenye kusoma, usimtupe katika darasa la watoto 70 ambako hakuna atakayemwona. Mpeleke shule ya jirani na ukamwambie mwalimu wake waziwazi, mbele ya mtoto au faraghani, kwamba kusoma kunamsumbua na ungependa asaidiwe. Mwalimu mwenye watoto 20 anaweza kufanya hivyo.

Ya mlimani ningeiacha kwa sasa, kwa sababu ya njia.

Na kuna hili la mwisho ambalo katika kijiji kidogo lina uzito wake. Mara nyingi idadi ya walimu hufuata idadi ya wanafunzi. Familia tano zenye bidii zikiikimbia shule ya jirani, inaweza kunyang'anywa mwalimu, na watakaobaki watafundishwa na watatu badala ya wanne. Sikuambii haya ili umtoe mtoto wako kafara kwa ajili ya kijiji. Nakuambia kwa sababu mambo huenda na upande wa pili pia: mzazi mmoja anayefungua madaftari kila jioni, anayekaa kwenye kamati ya shule na kuuliza rejesta inasemaje, nimeona akiifanya shule nzima ianze kusahihisha kwa makini. Katika shule ya watoto 600 sauti hiyo ingepotea.

Anza na madaftari wiki hii, kabla uandikishaji haujafungwa. Na ukifanikiwa kupata ile idadi ya walioandikishwa darasa la kwanza pamoja na watahiniwa 9 wa mlimani, niandikie. Ningependa sana kuijua.